Ufagio Nyuma ya Mlango

Mwalimu Kibwana alikuwa akimsomea mkewe riwaya aliyoifundisha mpaka akastaafu, huku akitafuna karanga na kuangusha maganda sakafuni. Katika riwaya, mama alimuaga mwanawe anayesafiri, kisha akauacha ufagio nyuma ya mlango siku nyingi.

"Mvivu huyo," alisema Bi Mwanakombo.

"Ni ishara, Mama Zuwena. Msafiri akiondoka, ukifagia umemfagia na yeye, harudi. Mwandishi hasemi kwamba mama anaogopa. Anatuonyesha ufagio tu."

"Ufagio ni ufagio, Baba Zuwena. Na maganda yako nitayafagia sasa hivi."

Nje, mdogo wake Mwalimu akapiga honi. Alikuja kumpeleka hospitali kupasuliwa moyo. Mwalimu akakunja pembe ya ukurasa, akamwachia mkewe kitabu, akaenda.

Binti yao Zuwena aliporudi ndani kutoka kumuaga baba, alichukua ufagio.

"Urudishe," mama yake alisema.

"Mama, na maganda yote haya?"

"Yaache. Baba yako hajanisomea sura ya mwisho."

Akaketi kwenye kiti cha mumewe, kitabu mapajani. Upepo ukaviringisha ganda moja hadi kizingitini. Bi Mwanakombo akainuka, akaliokota, akalirudisha pale lilipoangukia.