Kofia ya Ulaya

Ndege ilikuwa na nafasi ya mtoto mmoja, na daktari alichagua wa Kavugho, mwenzangu wa wodini, kwa sababu anamzidi wangu nusu kilo. Huko Ulaya watambadilishia ini na utumbo kwa pamoja. Wangu ana macho ya manjano vilevile, lakini sisi tulikimbia vita toka kijijini Mbau, maziwa yangu yakakauka njiani.

"Yaya," Kavugho aliniambia, kama ninavyoitwa na wadogo zangu, akikaza kitenge mgongoni, "kule kuko baridi sana. Unipatie ile kofia ulifuma. Wako hapana enda."

Nilitaka kumparura uso.

Nilimvua mwanangu kofia. Ilikuwa bado na joto la kichwa chake. Nikamvalisha wa Kavugho, nikaifunga kidevuni mafundo mawili, nikamnong'oneza:

"Ukifika, uambie banganga, bale badaktari, muko babili, wewe na wangu."