Sauti ya Darasa la Kwanza

Kila mtoto akianza shule hutiwa sikioni sauti ya mwalimu wake wa kwanza, nayo humsemesha hadi kufa. Mwalimu Salha alijivunia jambo hilo mpaka arobaini ya mjukuu wake, mkwewe Makame alipombeba kichanga kumtoa nje. Salha ndiye aliyemfundisha Makame darasa la kwanza.

Kwenye ngazi za saruji Makame alisimama.

"Mama, bado unaniambia."

"Nakwambia nini, mwanangu?"

"Kila nikibeba kitu. 'Wewe ukishika kitu lazima kianguke.'"

Salha akaukumbuka mtungi wa darasa, na vigae miguuni mwa mtoto wa miaka saba.

Kichanga akateleza kidogo ndani ya kanga. Salha alitaka kusema, "Mshike vizuri," lakini aliogopa kufungua mdomo.