Ndani ya Kifundo

Mama mkwe aling'oa mharagwe mmoja, akakung'uta udongo wa chumvi, akaniwekea kiganjani mizizi yenye vifundo vidogo kama shanga.

"Pasua kifundo, mwanangu. Kikiwa chekundu ndani, bakteria wanaulisha mharagwe. Kikiwa cheupe, shemeji yako alilime shamba lote upya."

"Nilime tu!" shemeji alipaza sauti juu ya trekta. "Kwa chumvi hii, hata magugu yameomba uhamisho!"

Hakuna aliyejua kwamba pakiti ya bakteria niliisahau kutwa nzima kwenye jua linalowaua, kabla ya kuwachanganya na mbegu.

Kifundo cha kwanza kilikuwa cheupe. Trekta likanguruma.

Nikapasua cha pili kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama fizi ya mtoto.

Nikakimbia, nikasimama mbele ya matairi.