Kilichoanguka Darasani

Katika mji mmoja, kwenye chumba cha nyuma ya sinagogi, Mwalimu Yemima alikuwa amefundisha watoto miaka ishirini na miwili bila kushika fimbo wala kupaza sauti. Kitabu kitakatifu kikianguka, aliwaambia, acha yote, kiokote, kifute vumbi, kibusu. Hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kusahau, na hilo alijivunia waziwazi.

Asubuhi hiyo somo lilikuwa kuumbwa kwa mwanadamu kwa mfano wa Mungu. Tirza, mdogo kuliko wote, aliitwa mbele kusoma. Akaja mbio amekumbatia kitabu, akajikwaa kwenye mguu wa benchi, akaanguka puu! Kitabu kikaruka kule.

Darasa zima lilikikimbilia. Naftali ndiye aliyekiwahi. Akakifuta kwa shati, akakibusu, akampa mwenzake naye akabusu, kikapita mkono kwa mkono mpaka kwa Mwalimu.

"Hao ndio wanafunzi wangu!" alisema, naye akakibusu.

Ndipo alipomwona Tirza. Alikuwa bado sakafuni, kiwiko kimejaa vumbi, halii wala hainuki.

"Mbona huinuki, mwanangu?"

"Nasubiri zamu yangu, Mwalimu."

Mwalimu Yemima alikiweka kitabu mezani. Akapiga magoti, akamwinua, akakifuta kile kiwiko taratibu kwa upindo wa kanga yake, kisha akakibusu. Alipogeuka, Naftali alikuwa amesimama nyuma yake, na nyuma ya Naftali foleni ilikuwa imeshafika mlangoni.