Sauti Iliyompeleka Marlys Msituni

Vern Heikkila aliipiga skrini ya gari jipya kwa kiganja cha mkono, na wanaklabu wote waliokuwa wamelizunguka wakamgeukia.

"Mwulizeni huyu," alisema. "Mwulizeni vidole vya mke wangu viko wapi."

Gari lilikuwa la maonyesho. Kampuni ilikuwa imelileta kutoka jiji la Detroit hadi Ishpeming, mji mdogo wa kaskazini wenye theluji nyingi, kwenye karakana ya Butch Tervo, ili wapenzi wa magari wa klabu hiyo walione kabla halijaanza kuuzwa mwezi wa Septemba. Asubuhi yote ya Jumamosi walikuwa wamelisifu na kulikosoa, kila mmoja na pasti yake mkononi, andazi lililojazwa nyama. Mmoja alilalamika kwamba vitufe vya kupashia joto vimeondolewa: nani atavua glavu mwezi Januari ili aguse kioo? Mwingine aliupenda usukani unaopata moto. Butch alisema skrini ile ni kubwa kuliko televisheni ya mama mkwe wake, ila inasema machache kuliko mama mkwe mwenyewe. Walicheka mpaka walipofika kwenye mfumo wa kuelekeza njia. Hapo ndipo Vern alipoinuka na kuipiga skrini.

Kisa chake walikijua. Januari iliyopita Marlys, mkewe, alikuwa akirudi peke yake kutoka kwa binti yao, akaingia barabara ya msituni ambayo haisafishwi theluji majira ya baridi. Gari lilizama hadi milangoni. Waendesha pikipiki za theluji walimkuta kesho yake asubuhi. Madaktari walimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto vilivyokufa kwa baridi. Alipopata nafuu, Vern alimwuliza ni nani aliyempeleka kule. Marlys alitazama ukuta, kisha akajibu kwamba ni sauti ya gari.

Tangu siku hiyo hasira ilifanya makao kifuani mwa Vern. Aliiandikia kampuni, ambayo ndiyo iliyotengeneza pia gari lao la zamani, barua saba. Alitaka ikiri kosa lake mbele ya watu, na mfumo ule ung'olewe kwenye modeli mpya kabla haujamuua mke wa mwingine. Kwa miaka ishirini yeye mwenyewe alikuwa amekaa kiti cha abiria katika mashindano ya magari, akimsomea dereva kila kona ya misitu hii, na hakuna dereva aliyetumbukia mtaroni kwa neno lake. Kazi ile sasa imepewa mashine ambayo haijawahi kukanyaga theluji.

Kampuni ilikuwa imemtuma mhandisi wa mfumo wenyewe, Denise Sowa, mwanamke mwenye sauti ya chini na kompyuta kwapani. Alianza kueleza kwamba modeli mpya itapokea habari za barabara zilizofungwa kila baada ya dakika chache. Vern akamkatiza.

"Mama, sikuja kununua. Nimekuja kuuliza. Ile ya zamani ilimwambia nini mke wangu?"

Denise aliiweka kompyuta juu ya boneti. Alieleza kwamba gari huhifadhi maneno ambayo dereva na mfumo huambiana, na kwamba amekuja na ya siku ile, kama Vern alivyodai katika barua ya saba. Hata hivyo, angependa wayasikilize wao wawili tu, faragha.

"Faragha." Vern aliwageukia wenzake. "Mmemsikia? Mwizi siku zote hupenda giza."

Marlys alikuwa ameketi juu ya rundo la matairi, mkono wa kushoto umo mfukoni mwa koti.

"Vern, basi," alisema taratibu. "Twende nyumbani."

"Hatuendi popote mpaka waseme."

"Mimi nimeshasamehe."

"Mimi sijasamehe."

Butch alimshika bega na kumwambia kwamba mambo ya mtu na mkewe hayasikilizwi karakanani. Vern aliutikisa mkono ule ukaanguka, akamwuliza Butch yuko upande wa nani, wa rafiki yake au wa watu wa Detroit wanaomletea magari ya bure ya kuchezea. Butch akarudi nyuma. Hakuna mwingine aliyethubutu.

Denise alitoa fomu. Alisema idhini ni ya mwenye gari, yaani Vern, lakini sauti ni ya Bi. Heikkila, na yeye Denise hatabonyeza kitu bila ridhaa ya mama huyo. Watu wote walimtazama Marlys. Marlys alimtazama mumewe, shingo yake iliyoiva kwa hasira, kalamu ambayo tayari ilikuwa mkononi mwake. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Vern alitia sahihi kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi. "Fungulia sauti mpaka mwisho," alisema. "Nataka hata walioko barabarani wasikie."

Denise aliunganisha kompyuta na spika za gari jipya. Kwanza ulisikika upepo. Kisha ikaja sauti ya mashine, tulivu: barabara iliyo mbele imefungwa majira ya baridi, tafadhali geuza gari. Ikarudia maneno yale yale. Mara ya tatu iliongeza kwamba barabara kuu iko maili mbili nyuma.

Ndipo sauti ya Marlys ilipoijaza karakana, changamfu, bila chembe ya hofu.

"Nyamaza wewe. Hii ni njia ya mkato ya Vern, na Vern hajawahi kunipoteza."