Sauti Inayonukia

"Sauti inanukia?" Mzee Hamidu aliuliza kwa mara ya pili.

"Ndiyo, mzee," alijibu mwalimu Thabiti. Leso haikumtoka usoni. Wazee wake wako Tanga, kaja kujiposea mwenyewe, na hilo linamtoa mtu jasho hata kwenye baridi ya Mbinga. "Washairi wa Kituruki wa zamani waliandika hivyo. Sauti ina harufu, harufu ina rangi. Nami sauti ya Tunu naisikia hivyohivyo."

"Harufu hata mimi naisikia. Kwa pua!"

Ilyasi, mwenye duka na baba yake Tunu, alijifanya anafuta kaunta. Yeye huyu kijana alimpenda, na binti hakuwa amegusa chakula tangu jana. Lakini Hamidu ndiye kaka yake mkubwa. Alitoka Mbamba Bay kwa ajili ya neno hili tu, na akikataa, basi.

"Tumpime," alisema Hamidu.

Enzi za foleni za bidhaa adimu, Mbinga nzima ilinukia sabuni moja ya kufulia. Sasa biashara imefunguliwa, na rafu ya Ilyasi ilijaa manukato ya kila namna. Mwalimu akageuzwa ukutani. Hamidu akaonyesha kichupa kimoja kwa kidole.

"Mpelekee Tunu ajipake chumbani, ufunge mlango. Atasema neno, na mshairi wetu atuambie ananukia nini. Akikosa, arudi kwenye chaki zake."

Ilyasi aliingia ndani na kichupa, akarudi nacho pamoja na birika la kahawa, akakirudisha rafuni. Akamsogezea mwalimu kikombe, karibu kimguse pua, akakishikilia hapo muda mrefu kweli.

"Karibu kahawa, mwalimu," Tunu alisema kutoka chumbani. Sauti ilimtetemeka.

Thabiti alifumba macho.

"Waridi," alisema. "Waridi jekundu, limenyeshewa."

Hamidu aliutazama mlango. Umefungwa. Akakitazama kile kichupa rafuni, chenye picha ya waridi jekundu, akashusha pumzi.

"Lo! Haya, mwalimu. Umeoa," alisema, akatoka kwenda kuswali alasiri.

Walipobaki wawili, Ilyasi alicheka mpaka akashika meza. Akamnyooshea mkwewe kiganja kilicholowa manukato.

"Usinitishe na Waturuki wako, mwanangu. Bila mkono huu leo ungekosa mke."

Thabiti alikiinamia kiganja, akavuta pumzi, akavuta tena.

"Una nini mkono, baba?" aliuliza. "Mafua yameniziba tangu Jumatatu. Hata hiyo kahawa sikuisikia harufu."