Si ya Kuchukua

Kila nakala ya jarida iligongwa muhuri mwekundu kwenye jalada: ISOMWE HAPA, SI YA KUCHUKUA. Na kazi yote ya miezi miwili ilikuwa na lengo moja tu, kwamba ichukuliwe.

Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha mwenye kampuni, mwanamke mwingi wa sauti na mchache wa subira. Hakuamini habari ya kuwauliza watu maswali. Kila jarida lake jipya aliliweka nakala kumi kumi mahali panne wanapopita watoto wa sekondari, bila mlinzi, Jumatatu asubuhi. Jumatano zinahesabiwa. Jarida linalomfanya mtoto asahau adabu akaliiba, hilo linachapishwa. Linalobaki linakufa.

Jarida la muziki lilishakufa mara moja. Nakala thelathini na tisa zilirudi safi kama zilivyokwenda. Ya arobaini ilirudi imechorwa masharubu.

"Zikibaki tena," mwenye kampuni alimwambia msanifu wa kurasa, "tafuta pengine pa kusanifu."

Msanifu akarudi mezani kwake akiwa na hasira, na hasira zote akazielekeza kwa wasomaji. Jalada akalipaka waridi na manjano ya kuumiza macho. Herufi akazilaza upande kama zimelewa. Habari ya kurasa tatu kuhusu wapiga ngoma akaikata ikabaki mistari saba, akaweka picha ya mwimbaji aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Kaka, tungewaita wenyewe, hata watano tu," alisema mpiga picha, binti mpole aliyekaa meza ya pili. "Tuwaulize wanapenda nini."

Msanifu alisonya. "Wale hawapendi kitu, dada. Wanaambukizana tu. Mmoja akipiga chafya, darasa zima lina mafua."

"Na wapiga ngoma?"

"Wapiga ngoma ni kwa watu wenye akili. Hapa tunalisha kuku."

Jumapili mchana, nyumbani, hakugusa chakula. Mama yake, aliyekuwa akikaa naye tangu afiwe na mume, alisogeza sahani karibu.

"Baba, unaumwa?"

"Siumwi, mama. Ni mambo ya kazini, hutayaelewa."

"Nieleze nisiyaelewe."

Alimweleza kwa mkato, kama mtu anayejibu swali la mtoto. Jarida hili hapa. Nakala arobaini. Mama alilishika, akaligeuza juu chini. Kusoma hakujaliwa, lakini kwenye ukurasa wa mwanzo aliiona picha ndogo ya mwanawe, akaipangusa kwa ncha ya kanga ingawa haikuwa na vumbi.

"Jumatano wanahesabu," alisema msanifu. "Zikibaki, mwanao hana kazi. Hilo umelielewa?"

"Hilo nimelielewa. Mnaziweka wapi?"

Alitaka kucheka. Mama na maswali yake. "Maktaba, uwanja wa mpira, saluni, na duka la simu. Unataka kuja kuzisoma?"

"Saluni ipi, ile inayopakana na fundi viatu?"

"Hiyohiyo, mama. Kula basi."

Jumatano mpiga picha alizunguka kuhesabu, akarudi mikono mitupu. Hakuna hata moja iliyobaki. Mwenye kampuni hakuamini, akaagiza jaribio lirudiwe wiki ifuatayo, nakala nyingine arobaini, mahali palepale. Msanifu akamlalamikia hata mama yake nyumbani. Nazo nakala hizo zikayeyuka.

Msanifu alivimba, kiti kikawa kidogo. "Nilikwambia nini?" alimwambia mpiga picha. "Wapakie rangi, wanakuja wenyewe kama nzi."

"Ila kuna kitu, kaka. Nimepita shuleni mara mbili. Sijaona mtoto hata mmoja analo mkononi. Wala hawaliongelei."

"Wameiba. Ulitaka watembee nalo kifuani?"

Binti yule akarudi kwenye picha zake. Siku hiyohiyo mwenye kampuni alitia sahihi, tena akasema mbele ya watu wote kwamba safari hii amemweka mtu mmoja tu wa kumbebesha sifa au lawama. Msanifu akainama kwa heshima. Mitambo ikapiga nakala elfu ishirini, na ndani ya wiki mbili magari yalishazisambaza.

Alifika nyumbani Jumamosi adhuhuri akiwa na jarida kwapani, halina muhuri. Mama alikaa jikoni, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Kando yake kulikuwa na kikapu chake kikubwa, mshikio umefungwa kamba, na ndala ambayo fundi viatu alishaishona mara mbili.

"Miguu tena?" alisema msanifu. "Mwezi huu unatembea mno, mama. Mtu mzima anatulia nyumbani."

"Nitatulia. Kazi wamekuachia?"

"Wameniachia? Wamenipandisha." Aliliweka jarida mapajani mwa mama. "Nimewaambia tangu zamani, hawa watoto nawajua kuliko mama zao wanavyowajua."

Mama aliitafuta ile picha ndogo, akatabasamu. "Na hizi nazo watazihesabu?"

"Hizi ndizo zenyewe. Mwisho wa mwezi wanahesabu zilizobaki."

"Zipo ngapi?"

"Elfu ishirini."

"Zimewekwa wapi?"

"Nchi nzima, mama. Kila duka."

Mama aliutoa mguu mmoja kwenye maji, akautazama ulivyovimba, akaurudisha polepole.

"Zile themanini nilizibeba zote, ziko chini ya kitanda changu," alisema. "Lakini nchi nzima, baba, siiwezi."